Utegemezi au Utegemeano?

Mwaka 1888 Francis Galton aliwasilisha kwa Royal Society ya London vipimo vya kimo na dhiraa, yaani urefu toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mwenye kimo kirefu aghalabu huwa na dhiraa ndefu. Lakini dhiraa si chanzo cha kimo, wala kimo si chanzo cha dhiraa. Mwaka 1896 Karl Pearson aliufanyia uhusiano wa namna hiyo kanuni ya hesabu, na mwaka 1966 Erich Lehmann akafafanua kwa upana zaidi dhana ya vigeu vya nasibu vinavyoelekea kupanda na kushuka pamoja.

Tuchukue mfano. Katika siku 100, siku 40 zina mvua, siku 50 zina upepo mkali, na siku 30 zina vyote viwili. Kama mvua na upepo havihusiani, tungetarajia 0.4 × 0.5 = 0.2, yaani siku 20 tu. Tukibadilisha nafasi za mvua na upepo, jawabu ni lile lile.

Ndiyo maana tunaona kwamba istilahi "utegemezi chanya" inapotosha. Mtoto humtegemea mzazi. Neno hilo lina mwegemeaji na mwegemewa, na afisa asomaye taarifa atadhani kwamba kigeu kimoja kimesababisha kingine. Kiambishi -an- huondoa upande huo. Kwa hiyo twapendekeza "utegemeano chanya", na swali la chanzo lijibiwe kwa ushahidi wake lenyewe.