Mchoraji Aliyekatazwa Kupanda Meli

Marie Tharp alikuwa na digrii ya jiolojia na nyingine ya hisabati alipoajiriwa mwaka 1948 na Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Lakini meli za utafiti hazikuchukua wanawake, eti wana mkosi. Basi mwenzake, Bruce Heezen, akawa anaenda baharini, yeye anabaki mezani na kalamu.

Kazi yenyewe? Meli inatuma mlio chini na kungoja mwangwi. Majini sauti hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hivyo mwangwi ukirudi baada ya sekunde nne, kina ni mita 3,000. Hiyo ni nukta moja tu. Tharp alikuwa na maelfu ya nukta hizo, za kupanga kwa mkono, bila kompyuta.

Mwaka 1952 akaona kitu. Katikati ya safu ya milima iliyozama Atlantiki, kilele kwa kilele, kulikuwa na ufa. Heezen akamwambia hayo ni maneno ya wasichana. Alikuwa na sababu ya kuogopa: ufa ungemaanisha dunia inapasuka pale na mabara yanasogea, na wakati huo mwanasayansi wa Marekani aliyesema hivyo alichekwa.

Kilichomgeuza Heezen ni ramani nyingine. Meza ya jirani, Howard Foster alikuwa akichora mahali matetemeko ya ardhi yalikotokea baharini. Kuweka ramani moja juu ya nyingine, matetemeko yakaangukia ndani ya ufa wa Tharp. Tena umbo lake lilifanana na kitu kilicho nchi kavu: Bonde la Ufa letu, hilo hilo watu wanalopigia selfi wakishuka Mai Mahiu.

Ufa ukatangazwa 1956. Waliousemea ni Heezen na bosi wao, Maurice Ewing. Jina la Tharp halikutajwa. Jacques Cousteau naye hakuamini, akaburuta kamera chini ya Atlantiki ili awaumbue. Filamu yake, aliyoionyesha New York 1959, ilikuwa na ufa.

Tharp alipanda meli ya utafiti kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1960, akiwa amepita miaka 40. Ramani ya sakafu ya bahari zote ilichapishwa 1977, na safari hii majina yalikuwa mawili: Heezen na Tharp.