Kigezo cha Kaburi la John Donne

Mchonga sanamu hakati jiwe kwa kubahatisha. Kwanza hufanya kigezo, cha udongo au cha mti au picha ubaoni, kwa maana udongo ukiharibika hufinyangwa tena, bali sanamu ya jiwe ikivunjika pua haina dawa. Nasi leo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za padre wa Uingereza aliyejifanya mwenyewe kigezo cha sanamu ya kaburi lake, naye angali hai.

John Donne alikuwa mkuu wa mapadre wa Kanisa Kuu la Mt. Paulo, London, tangu mwaka 1621. Mwezi wa Februari 1631, hali amekonda kwa ugonjwa, alihubiri mara ya mwisho mbele ya Mfalme Charles wa Kwanza. Yaliyofuata yameandikwa na rafiki yake, Izaak Walton. Donne aliagiza mtungi wa mti, mfano wa ile ya kale iliyotiwa majivu ya wafu, na ubao wa kimo chake. Makaa yakawashwa chumbani, kwa kuwa ilimpasa kuvua nguo zake zote. Akavikwa sanda, ikafungwa mafundo kichwani na miguuni, akasimama amefumba macho, uso ukielekea mashariki, alikotazamia kuja kwa Bwana. Mchoraji akamwandika ubaoni vivyo hivyo. Picha ikawekwa kando ya kitanda, akawa akiitazama hata siku aliyofariki, 31 Machi. Kisha Nicholas Stone akaichonga sanamu kwa marimari nyeupe.

Wako waliosema kwamba kujitengenezea sanamu ni majivuno. Sisi hatuoni hivyo. Mwenye majivuno angalichagua sura ya ujana wake, na Donne alikuwa nayo: iko picha yake ya ujanani, kofia pana kichwani, kijana mzuri ajijuaye kuwa mzuri. Hakumwachia fundi picha ile. Alimwachia mashavu yaliyobonyea na sanda.

Mwaka 1666 moto mkubwa uliteketeza London, na kanisa lile likaungua. Katika sanamu za makaburi yaliyokuwamo, hii ndiyo iliyosalia karibu nzima. Christopher Wren alipokwisha kujenga kanisa jipya, ilikaa miaka mingi chini ya sakafu, kisha ikapandishwa juu. Sasa imesimama upande wa kusini, macho yamefumbwa, na alama za moto zingali zaonekana katika mtungi.