Kipepeo asiye na tarehe

Mvua zikianza Nyasho, mtaa wa Musoma kando ya Ziwa Viktoria, kuna siku vipepeo weupe hupita kwa makundi juu ya mabati, wote wakielekea upande mmoja. Utotoni tuliwanasa na kuwabana katikati ya daftari la hesabu. Baada ya wiki moja ukilifungua, ni unga wa mabawa na sisimizi tu.

Ng'ambo ya ziwa hilihili kulikuwa na mtu aliyeijua kazi ya kuwahifadhi. Daktari Mwingereza, Hale Carpenter, alitumwa Uganda mwaka 1910 kuchunguza mbung'o. Malale yalikuwa yameua watu zaidi ya 200,000 kaskazini mwa ziwa, na serikali ikawa imewahamisha watu wa visiwa vya Sese. Visiwa vikabaki mikononi mwa nzohe, mbung'o na vipepeo.

Ustadi wenyewe si mkubwa. Unambinya kipepeo kifuani kwa vidole, unamfumba mabawa, unamtia kwenye karatasi iliyokunjwa pembetatu, unamwacha akauke. Hata baada ya miaka atalainishwa kwa unyevu, atachomwa sindano na kutandazwa ubaoni, naftalini ikimlinda na wadudu. Lakini chini yake lazima kiwepo kikaratasi: mahali, siku, mwezi, mwaka. Bila hicho ni pambo la ukutani.

Carpenter alimfuatilia Pseudacraea eurytus, mtamu kwa ndege, anayevaa sare za vipepeo wachungu. Bara, upande wa Entebbe, wachungu walikuwa wengi na uigaji ulikuwa safi. Visiwani wachungu walikuwa haba, na waigaji wakavaa ovyo, nusu sare hii, nusu ile. Nani angewaadhibu, ikiwa ndege hawajafunzwa kuogopa? Jambo hilo lilionekana kwa sababu ya vikaratasi. Changanya kisiwa na bara kwenye sanduku moja, kisa chote kinapotea. Vielelezo vilikwenda kwa Profesa Poulton, Oxford, na mwaka 1933 Carpenter akakikalia kiti cha mwalimu wake.

Baadaye, Kitale, alikuwepo mkulima T. H. E. Jackson, aliyewafundisha Waafrika kukusanya na kuwatuma misituni. Vitabu humtaja yeye kuliko wao, ingawa nyavu walizishika wao.

Kisha biashara ikahama kutoka kwa wakavu kwenda kwa walio hai. Mwaka 1993 mradi wa Kipepeo ulianza Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke: wanakijiji hufuga viwavi na kuuza pupa kwa nyumba za maonyesho za ng'ambo. Amani, Usambara Mashariki, ikafuata. Huko nako mali ni tarehe, maana pupa wengi hufunguka ndani ya wiki moja au mbili. Pupa akichelewa uwanja wa ndege, mnunuzi anapokea kipepeo aliyekunjamana ndani ya boksi.

Mwaka 2016 Tanzania ilizuia kusafirisha nje wanyamapori hai, na wafugaji wa Amani wakaingia kwenye zuio hilo pamoja na wauza ndege na vinyonga. Kipepeo mkavu angesubiri kwenye karatasi yake hata miaka mia. Pupa hajui amri. Siku yake ikifika, anafunguka bandani.