Isbister: Jina la shamba la Orkney lililofika hadi kwa Wakrii wa Kanada

Isbister ni jina adimu la ukoo kutoka Uskoti. Chimbuko lake ni Orkney na Shetland, makundi mawili ya visiwa yaliyo kaskazini kabisa mwa nchi hiyo. Lakini ukienda katikati ya Kanada, katika majimbo ya Manitoba na Saskatchewan, utakuta jina hilohilo kwa familia za wenyeji wa asili, ambao bibi zao waliishi huko kabla Mzungu yeyote hajafika.

Katika makala hii tunaeleza jina hili lilianzaje, lilivukaje bahari, na kwa nini kuandikwa kwake kwenye daftari moja au jingine kulikuja kugusa haki za watu, hasa ardhi.

Orkney na Shetland ni wapi?

Orkney ni kundi la visiwa takriban 70, na vinavyokaliwa na watu ni kama 20 tu. Wakazi wake wote ni takriban 22,000. Shetland iko mbele zaidi, kaskazini mashariki. Watu wa huko tangu zamani ni wakulima, wafugaji na wavuvi. Upepo ni mkali, miti ni michache, na majira ya baridi ni marefu.

Kwa karne nyingi visiwa hivi havikuwa vya Uskoti. Vilikuwa chini ya wafalme wa Norwei, na watu walizungumza lugha ya jamii ya Kinorwei iliyoitwa Norn. Mambo yalibadilika kwa sababu ya ndoa. Mfalme Christian wa Kwanza wa Denmark na Norwei alimwoza binti yake Margaret kwa Mfalme James wa Tatu wa Uskoti. Kwa desturi ya huko wakati ule, mali ilitolewa na baba wa bibi harusi, si na bwana harusi. Christian hakuwa na fedha za kutosha, hivyo mwaka 1468 aliweka Orkney rehani, na mwaka 1469 akaweka Shetland. Deni halikulipwa, na mwaka 1472 Uskoti ikavichukua visiwa hivyo rasmi.

Utawala ulibadilika, lakini majina ya mahali yalibaki ya Kinorwei. Isbister ni mojawapo.

Jina lina maana gani?

Sehemu ya mwisho ya jina, "bister", inatokana na neno la Kinorwei cha kale, bólstaðr, lenye maana ya shamba au makao ya mkulima. Sehemu ya kwanza huelezwa mara nyingi kuwa inahusu upande wa mashariki. Kwa hiyo Isbister ni kama kusema "shamba la mashariki".

Neno hilo la shamba limetapakaa kaskazini mwa Uskoti kwa sura mbalimbali. Orkney kuna Kirbister, yaani shamba la kanisa, na kuna Foubister. Katika eneo la Caithness, kwenye bara la Uskoti, kuna Lybster na Scrabster. Magharibi, katika visiwa vya Skye na Lewis, limefupishwa na kuwa "bost", kama katika Carbost na Leurbost. Ukiziweka alama sehemu hizo kwenye ramani, utaona walowezi kutoka Norwei walifika na kulima wapi.

Shamba lilivyogeuka kuwa jina la ukoo

Zamani watu wa Orkney na Shetland walitambulishwa kwa jina la baba. Magnus mwana wa Olaf aliitwa Magnus Olafsson. Mtoto wake hakurithi Olafsson, bali aliitwa mwana wa Magnus. Jina la pili lilibadilika kila kizazi.

Baadaye, hasa Orkney, watu walianza kujulikana kwa shamba walilokaa. Aliyeishi kwenye shamba la Isbister aliandikwa "wa Isbister". Kadiri uandishi wa hati za ardhi, kodi na ubatizo ulivyozidi, jina hilo liliganda na kuanza kurithiwa na watoto hata walipohamia kwingine. Ndiyo maana majina mengi ya koo za Orkney, kama Linklater, Rendall na Marwick, ni majina ya mahali. Shetland desturi ya jina la baba ilidumu muda mrefu zaidi, na sehemu nyingine iliendelea hadi karne ya 19.

Je, akina Isbister wote ni ndugu?

La. Hili ni jambo ambalo wengi hukosea wanapofuatilia majina ya Kiskoti. Wanadhani kila jina lina babu mmoja.

Mahali panapoitwa Isbister si pamoja. Orkney papo Rendall, papo Birsay, na papo katika kisiwa cha South Ronaldsay. Shetland papo kaskazini, North Roe, na papo katika kisiwa cha Whalsay. Kila shamba lingeweza kutoa familia yake ya Isbister, bila undugu wowote na familia ya shamba jingine. Tahajia pia hutofautiana. Shetland wapo wanaoandika Isbester, na katika hati za zamani kuna Isbuster.

Hiyo Isbister ya South Ronaldsay inajulikana pia kwa jambo jingine. Mwaka 1958 mkulima mmoja aligundua hapo kaburi la mawe la takriban miaka 5,000, ambamo ilikutwa mifupa ya watu wengi pamoja na mifupa ya tai wa baharini.

Jina lilivukaje bahari?

Mwaka 1670 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alitoa hati ya kuanzisha Kampuni ya Hudson's Bay. Biashara yake ilikuwa kununua ngozi za manyoya, hasa za biva, mnyama wa mitoni ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia Ulaya. Eneo lake lilikuwa kaskazini mwa Amerika, katika nchi ambayo leo ni Kanada.

Meli za kampuni zilipotoka London zilipitia Stromness, bandari ndogo ya Orkney, kuchukua maji, chakula na, muhimu zaidi, wafanyakazi. Vijana wa Orkney walifaa. Walizoea baridi, walijua mashua, na wengi walikuwa wamesoma kidogo katika shule za parokia. Tena walikubali ujira mdogo, kwa sababu nyumbani mashamba yalikuwa madogo na kodi ya kukodisha ardhi ilikuwa mzigo. Mikataba mara nyingi ilikuwa ya miaka 3 hadi 5. Kufikia mwaka 1800 hivi, takriban watatu kati ya kila wafanyakazi wanne wa kampuni hiyo huko Amerika walikuwa watu wa Orkney.

Mmoja wa waliotangulia ni Joseph Isbister, mzaliwa wa Stromness, aliyepanda cheo hadi kuwa mkuu wa kituo cha Albany. Mwaka 1743 alijenga Henley House, mojawapo ya vituo vya mwanzo kabisa vya kampuni hiyo mbali na pwani.

Kazi hizo zilikuwa za wanaume tu, lakini mwanamke mmoja wa Orkney alipenya. Isobel Gunn alivaa kiume, akajiita John Fubbister, na mwaka 1806 akasafiri kama kibarua. Alifanya kazi sawa na wanaume mpaka mwishoni mwa Desemba 1807, alipojifungua mtoto katika kituo cha kampuni pinzani huko Pembina. Alirudishwa Orkney mwaka 1809. Jina alilojipa, utaona, ni la jamii ileile ya majina ya mashamba yenye "bister".

Majina ya akina mama yalikwenda wapi?

Wanaume wengi wa Orkney walioa wanawake Wakrii na wa mataifa mengine ya wenyeji, kwa ndoa za kimila. Bila wanawake hao biashara isingeenda. Wao ndio waliotayarisha ngozi, wakashona viatu vya kutembelea juu ya theluji, wakatafsiri lugha, na kuwaunganisha waume zao na jamaa zao waliowinda.

Wamisionari walipofika kwenye makazi ya Red River, ambako leo ni Winnipeg, kuanzia mwaka 1818, walibatiza na kufungisha ndoa kanisani. Watoto waliandikwa kwa jina la baba: Isbister, Linklater, Flett. Mama mara nyingi aliandikwa jina la ubatizo peke yake, au aliandikwa tu kuwa ni mwanamke mwenyeji. Jina alilopewa na wazazi wake halikuingia daftarini.

Matokeo yake ni kwamba mtu anayeitwa Isbister leo huko Saskatchewan anaweza kuwa na babu mmoja wa Orkney vizazi saba nyuma, na wazee wengine wote Wakrii. Jina linamtaja yule mmoja tu.

Isbister wawili walioacha alama

Alexander Kennedy Isbister alizaliwa mwaka 1822 katika kituo cha Cumberland House, ambacho leo kiko Saskatchewan. Baba yake, Thomas, alikuwa karani wa kampuni kutoka Orkney. Bibi yake mzaa mama alikuwa Mkrii. Akiwa mdogo alipelekwa Orkney kusoma, akarudi, na akaajiriwa na kampuni akiwa na miaka 16. Aliondoka baada ya miaka michache, akasoma vyuo vikuu vya Uskoti, na akawa mwalimu mkuu wa shule London.

Akiwa huko aligeuka kuwa msemaji wa watu wa kwao. Mwaka 1847 aliwasilisha kwa serikali ya Uingereza malalamiko ya wakazi wa Red River, yenye saini zipatazo 1,000, dhidi ya kampuni kuhodhi biashara yote. Alipofariki mwaka 1883 aliachia Chuo Kikuu cha Manitoba zaidi ya dola 80,000 kwa ajili ya ufadhili wa wanafunzi, na maelfu ya vitabu. Aliagiza ufadhili utolewe bila kubagua jinsia, rangi wala dini. Vitabu vingi viliungua kwa moto mwaka 1898, lakini ufadhili ulidumu.

Wa pili ni James Isbister, Mmetisi, yaani mtu wa jamii iliyotokana na ndoa hizo za wenyeji na Wazungu. Mwaka 1862 alianza kulima mahali palipoitwa Makazi ya Isbister. Leo pale ni mji wa Prince Albert, Saskatchewan. Mwaka 1884 alikuwa mmoja wa wanaume wanne waliosafiri hadi Montana, Marekani, kumwomba kiongozi Louis Riel arudi kuwasaidia Wametisi kudai ardhi yao.

Jina na haki ya ardhi

Manitoba ilipojiunga na Kanada mwaka 1870, sheria ilitenga ekari milioni 1.4 kwa ajili ya watoto wa Wametisi. Ili upate, ilibidi uwe umeandikwa. Ugawaji ulicheleweshwa kwa miaka mingi, walowezi wapya wakaingia, na familia nyingi ziliuza haki zao kwa walanguzi kwa bei ya chini au zikakosa kabisa.

Kesi ilifika mbali. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba serikali haikutekeleza ahadi hiyo kwa bidii na uaminifu uliotakiwa. Wakati huo ilikuwa imepita zaidi ya miaka 140.

Kwa upande wa wenyeji wenye mikataba na serikali, mwanamke aliyeolewa na mwanamume asiyetambuliwa kisheria kuwa mwenyeji alipoteza utambulisho wake, na watoto wake pia. Kipengele hicho kilifutwa mwaka 1985. Ndiyo maana kwa familia nyingi za Isbister, kujua jina la bibi ni jambo la kisheria, si la udadisi tu.

Leo jina liko wapi?

Orkney na Shetland bado lipo, na pia katika miji ya Uskoti kama Edinburgh, ambako watu wa visiwani walihamia kutafuta kazi. Kanada liko zaidi Manitoba na Saskatchewan. Australia na New Zealand lilifika na wahamiaji wa karne ya 19.

Wanaofuatilia jina hili huanzia sehemu tatu. Ya kwanza ni maktaba na hifadhi ya nyaraka ya Orkney, mjini Kirkwall. Ya pili ni nyaraka za Kampuni ya Hudson's Bay, ambazo sasa ziko Winnipeg na zina mikataba ya vibarua mmoja mmoja, parokia alikotoka na vituo alivyofanyia kazi. Ya tatu ni daftari la serikali ya Uskoti la vizazi, ndoa na vifo, lililoanza mwaka 1855. Daftari hilo lina faida kubwa, kwani linaandika pia jina la ukoo alikozaliwa mama.

Kwa ufupi

- Isbister ni jina la shamba kwa Kinorwei cha kale, si jina la babu mmoja.
- Mashamba yenye jina hilo ni kadhaa, hivyo kufanana jina si ushahidi wa undugu.
- Kampuni ya manyoya ndiyo iliyolipeleka Kanada, kupitia vibarua wa Orkney.
- Jina la baba likifuatwa peke yake humfikisha mtafutaji Orkney. Jina la mama, pale lilipoandikwa, ndilo humfikisha kwa Wakrii na kwenye ardhi waliyoishi.