Vidonge vya Livingstone na dawa za ufukwe wa Tanganyika

Anayefika Ujiji kwenye kumbukumbu ya David Livingstone husimuliwa habari za mwembe na jinsi mwanahabari Stanley alivyomkuta hapo mwaka 1871. Habari za dawa hazitajwi sana, ingawa Livingstone, Mskoti, alikuwa daktari wa kusomea. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba yeye alikuja na sayansi, na waganga wa ufukweni walikuwa wakibahatisha. Maandishi yake mwenyewe hayaungi mkono dhana hiyo. Daktari wa Ulaya wa zama zile, mwumikaji, yaani mpiga chuku, wa kwenye misafara ya Waarabu na Waswahili, na mganga wa Kitongwe kusini mwa Ujiji, wote waliipima dawa kwa kile inachoutenda mwili. Kulikuwa na dawa ya kuharisha, ya kutapisha, ya kutoa jasho, ya kukata homa, na kwa kazi hizo dawa ilijulikana na kusifiwa.

Tuvitazame vidonge vyake vya homa. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1865 alitaja vilivyomo: utomvu wa jalapa, ambayo ni mzizi wa Meksiko, mzizi wa rubarbi, mmea wa asili ya Asia, kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki, na kwinini, iliyotoka kwenye magome ya miti ya milima ya Andes. Vyote vilikandwa kwa iliki iliyolowekwa katika pombe. Kwinini ilikuwa kidogo kuliko jalapa, kwa sababu shabaha ya kwanza ilikuwa kuendesha tumbo. Watu wake waliviita viamsha, kwa kuwa viliwainua hata waliokuwa wamelala hoi. Stanley naye alishika utaratibu huohuo: alikunywa dawa ya kuharisha usiku, kisha asubuhi, tumbo likishaanza kuendesha, akaanza kumeza kwinini. Ukiondoa zebaki, hiyo ni mitishamba mitupu, tena inayotajwa kwa kazi yake kama kwa mganga yeyote.

Januari 1867 sanduku la dawa la Livingstone lilipotea pamoja na wapagazi waliotoroka. Miaka miwili baadaye, akiwa safarini kuelekea Ziwa Tanganyika, alishikwa na nimonia kwenye pafu la kulia. Mfanyabiashara Muhammad bin Gharib ndiye aliyemuuguza. Akapatikana mwumikaji, daktari akapigwa chuku kifuani, kisha akabebwa kwa machela hadi ziwani na kuvushwa kwa mtumbwi. Alifika Ujiji tarehe 14 Machi 1869 na kukuta mali zake nyingi zimeibwa, na dawa zake zimeachwa njiani, Unyanyembe. Aliandika kuwa chai, kahawa na nguo ya flana vilimsaidia. Hakuona ajabu kuumikwa, maana madaktari wa Ulaya nao waliumika wagonjwa.

Atatokea wa kusema: kwinini ilitibu kweli, kwa hiyo kuna tofauti. Ni kweli ilitibu, lakini Livingstone hakujua sababu. Kimelea cha malaria kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1880, miaka saba baada ya kifo chake. Alichokuwa nacho ni uzoefu kwamba gome hilo hukata homa, na uzoefu huo ulianzia Amerika Kusini, haukuanzia Glasgow alikosomea.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuhara siyo kupona. Hili nalikubali bila kusita. Kalomeli iliwaharisha wagonjwa wengi huku zebaki ikiwadhuru, na kila choo kilihesabiwa kuwa ushindi. Neno linalotaja kazi ya dawa halitoshi kuwa ushahidi wa tiba. Lakini kulitupa ni hasara, kwa sababu linatuonyesha mahali pa kuanza kupima. Hilo lilithibitika Mahale, kwenye ufukwe wa mashariki wa ziwa hilohilo. Novemba 1987 mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyejua mimea ya kwao, walimfuata sokwe jike mgonjwa aitwaye Chausiku. Alikwanyua tawi la mmea uitwao mjonso, akamenya ganda, akatafuna kiini kichungu na kufyonza maji yake, makapi akayatema. Kesho yake alikuwa amepata nafuu. Kalunde alimweleza mwenzake kwamba kwa Watongwe hiyo ni dawa, na hutumika kwa maumivu ya tumbo, homa na minyoo. Maabara zilikuja kupata ndani ya mjonso kemikali zenye nguvu dhidi ya vimelea, na kwa sokwe mwingine aliyefuatiliwa baadaye mayai ya minyoo kwenye kinyesi yalipungua sana ndani ya siku moja tu. Ripoti ya kwanza kuhusu Chausiku ilitoka mwaka 1989, na waandishi wake ni wawili: Huffman na Seifu.