Bunduki halali, mshale haramu: Kenya ilivyochagua nani awinde

Uzi. Kila mjadala wa kurudisha uwindaji wa leseni ukianza, upande mmoja unasema "mbona Tanzania ni halali?" na mwingine unajibu "ni ukatili." Wadau, hizo ni hoja mbili tofauti. Sisi tulizichanganya kitambo, na zilichanganyikia kwenye silaha.

Mwaka wa 1900 wakoloni wa Afrika walikutana London wakaandika mkataba wa kuhifadhi wanyama. Nyavu na mashimo ya kunasia yakatakiwa kubanwa, bunduki yenye leseni ikabaki. Mkataba wenyewe haukuwahi kuanza kutumika rasmi, lakini fikra yake iliingia kwenye sheria za makoloni.

1909 rais mstaafu wa Marekani (hapa hatutaji wanasiasa, hata marehemu) alishuka Mombasa na mwanawe. Safari nzima, mpaka Sudan, wawili hao waliua wanyama 512. Walikuwa na leseni, kwa hivyo wakaitwa wawindaji.

Upande wa Tsavo, Waata waliwinda ndovu kwa upinde mrefu na mshale wa sumu ya mti uitwao kisayansi Acokanthera. Sumu hiyo inashambulia moyo. Ikiwa mbichi na mshale umepenya vizuri, ndovu haendi mbali. Ikizeeka inapoteza nguvu, na hapo mnyama anateseka kweli. Wakosoaji wa mshale hawakuwa wanaota.

Lakini hata bunduki iko hivyo hivyo. Mskoti W.D.M. Bell aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi, kisha akalenga hapo. Baadaye nchi nyingi za Afrika ziliweka kipimo cha chini cha risasi kwa wanyama hatari, mara nyingi .375, yaani karibu milimita 9.5. Kwa kipimo hicho bunduki ya Bell ni haramu, ilhali tajiri anayefumba macho akivuta kifyatulio cha bunduki kubwa, akampiga ndovu tumboni, yuko sawa kisheria.

Binafsi sioni ujinga kwenye kipimo hicho. Wengi si Bell, na afisa anaweza kukagua ukubwa wa risasi lakini hawezi kukagua utulivu wa mkono. Ninachokataa ni kusema kipimo hicho ndicho maadili.

Kwa sababu angalia 1956 na 1957. Operesheni kubwa ya kupambana na ujangili ilipita Tsavo, Waata wengi wakafungwa. Nje ya mipaka ya mbuga, mwenye leseni na bunduki aliendelea kupiga ndovu wale wale. Kama shida ingekuwa mateso ya mnyama tu, Mwaata angepewa bunduki na leseni. Badala yake akapewa jela.

Mei 1977 uwindaji ukapigwa marufuku kwa wote. Sheria ya 2013 inakataza wa starehe na wa kitoweo pia.

Kwa hivyo mwanasiasa akipanda jukwaani kuahidi kuurudisha, muulize leseni itauzwa pesa ngapi, na kama Mwaata wa kule Galana ataweza kuilipia.