Ukimya wa Kadi ya Grafiki

Kadi ya grafiki, yaani bodi inayochomekwa ndani ya kompyuta ili kuchora picha zinazoonekana kwenye skrini, haikuanza maisha yake kwa kelele. Voodoo Graphics ya kampuni ya 3dfx, iliyotoka mwaka 1996, haikuwa na feni, kwa kuwa chipu zake zilitumia umeme mdogo kiasi kwamba hewa iliyopita ndani ya kasha ilitosha kuzipoza. Ukimya wake, basi, ulitokana na unyonge zaidi kuliko ustadi. Kadiri michezo ya pande tatu ilivyodai nguvu, feni zilianza kuwa za kawaida, na mwanzoni mwa 2003 GeForce FX 5800 Ultra ya NVIDIA ilivuma kwa sauti kubwa hata ikabandikwa jina la Dustbuster, kifyonza vumbi cha mkononi kinachojulikana sana Marekani, na kampuni yenyewe ikatengeneza filamu fupi ya kujikejeli ambamo kadi hiyo ilifanywa mashine ya kupeperushia majani. Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba kadi hiyohiyo iliyochekwa ilikuwa na mienendo miwili: chipu yake ilikwenda kwa megahezi 500 ilipochora mchezo, na ikashuka hadi 300 mtumiaji alipokuwa akiandika barua tu.

Msingi wa mbinu hiyo ni wa kifizikia, kwani umeme unaotumiwa na transista zinapofanya kazi huongezeka sambamba na kasi yake lakini huongezeka kwa kipeo cha pili cha volti, hivyo anayepunguza vyote viwili huokoa kuliko anayepunguza kasi peke yake. Waliolazimika kulizingatia jambo hili mapema walikuwa watengenezaji wa kompyuta za mpakato, ambao betri haikuwapa nafasi ya kubadhiri, na ndiyo maana PowerPlay ya kampuni ya ATI, mfumo wa kushusha kasi na volti kazi inapopungua, ilitumika kwanza huko kabla ya kuhamia kwenye kompyuta za mezani, ambako mwaka 2007 ilitangazwa kuwa sifa mojawapo ya kadi ya Radeon HD 3870.

Safari haikunyooka. Radeon HD 4870 ya mwaka 2008 ilileta GDDR5, kumbukumbu ya kasi kubwa, lakini kasi hiyo haikushushwa kadi ilipokuwa haina kazi, na matokeo yake ni kwamba ilitumia takribani wati 90 kwa kuonyesha skrini iliyotulia. Mwaka uliofuata Radeon HD 5870, ambayo chini ya mzigo ilifikia wati 188, ilishuka hadi 27 ilipopumzika, kwa kuwa chipu ilirudi megahezi 157 kutoka 850 na kumbukumbu 300 kutoka 1,200. Huenda hakuna hatua nyingine katika historia hii iliyookoa kiasi kikubwa hivyo kwa mwaka mmoja.

Joto lilipopungua, feni nayo ilikosa sababu ya kuzunguka. Radeon HD 7970, iliyotangazwa Desemba 2011, ilizima sehemu kubwa ya chipu pamoja na feni skrini ilipozimwa, ikabaki na chini ya wati 3, na kufikia 2014 kampuni kama ASUS na MSI ziliuza kadi ambazo feni zake zilisimama kabisa hata skrini ikiwa inawaka, mradi joto halijapita kiwango kilichowekwa.

Tatizo lililokataa kuondoka ni la skrini mbili. Kasi ya kumbukumbu hubadilishwa katika mwanya mfupi uliopo kati ya picha moja na inayofuata, ili mtazamaji asione kumetameta, na skrini mbili zenye mapigo tofauti, yaani idadi tofauti ya picha kwa sekunde, hazina mwanya wa pamoja. Kwa hiyo kadi huiacha kumbukumbu katika kasi ya juu. HD 5870 ilikuwa na kasoro hiyo, na Radeon RX 7900 XTX ya Desemba 2022 ikairudia kwa baadhi ya skrini za mapigo ya haraka, hadi AMD, kampuni iliyoinunua ATI, ilipoipunguza kwa masasisho ya programu endeshi.